Mwiteni Mpaka Aitike

Vijana wangu wa sauti, mmeniomba niandike namna ya kurekodi, mkasema nikiondoka elimu itapotea. Asanteni kwa kunizika mapema. Nimestaafu tu, sijafa. Ni sikio la kushoto ndilo lililotangulia, na la kulia linafunga virago. Fundi sauti asiyesikia hana kazi nyingine ila kukaa nyumbani kwake Buswelu apalilie mchicha, na ndicho ninachofanya. Habari za vyeo msizitafute humu, maana vyeo tulikuwa tukipeana wenyewe kulingana na nani amebeba mzigo mzito. Nitaandika kazi. Halafu nitaandika jambo moja nililolificha kwa miaka mitano, kwa sababu bila hilo yote niliyowafundisha ni nusu.

Jina langu ni Bujiku. Kwetu Usukumani ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Dairekta Deo alipolisikia alifurahi sana, akasema mtu mwenye jina hilo hawezi kuziogopa filamu zake. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Kirumba, naye aliniletea maiki iliyokuwa ikilia kama nzi ndani ya chupa. Niliifungua nikakuta waya umeoza kwa jasho, nikauunga. Akaniuliza kama ningeweza kwenda nayo Misungwi kesho yake, kwa kuwa kijana aliyekuwa akiishika alikuwa ameoa na mke hataki mambo ya wafu. Nikaenda kwa siku moja tu. Siku hiyo moja ilikwisha baada ya miaka kumi na tisa.

Deo alikuwa mwalimu wa sayansi kabla hajaharibikiwa na kamera. Kichwani alikuwa na wazo moja, na alilitengenezea filamu zote alizotengeneza: kwamba mtu akifa hajui kama amekufa. Katika filamu moja mwanamke anaamka nyumbani kwake, anashangaa majirani wamejaa uani wanapika kwenye masufuria makubwa, na hakuna anayempa sahani. Anadhani wamemnunia. Nyingine ilikuwa ya marehemu waliopanga foleni mbele ya ofisi ambayo karani hatoki, kila mmoja ameshika bahasha ya kaki na hajui ndani kuna nini. Hiyo iliwatisha watu kuliko zote, hasa wastaafu.

Hatukuwa na mazimwi wala damu, maana damu inahitaji mtu wa kufua. Usiku wetu ulianza saa nne asubuhi: tunaziba madirisha kwa vitambaa vyeusi vya kushonea koti, tunawasha taa moja, na kuzimu kumekamilika. Jasho lilikuwa linatutoka kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi. Kwa hiyo kutisha kote kulikuwa juu yangu. Upepo wa ahera niliutengeneza kwa kupuliza kwenye bomba la maji. Nyayo za marehemu zilikuwa maganda makavu ya mahindi ndani ya mfuko wa rambo. Kuna sauti moja watu waliniuliza miaka mingi, ile ya kitu kinachotafuna polepole chini ya sakafu. Ni ziwa tu, lilivyokuwa linalamba mawe pale Bwiru mchana wa jua kali.

Sasa andikeni haya. Mkiingia kwenye nyumba ya watu, zimeni friji kwanza, linanguruma hata kama ninyi mmeshalizoea. Na mkilizima, wekeni ufunguo wa gari au wa pikipiki yenu ndani yake. Hapo hamtaondoka bila kuliwasha, na samaki wa mwenye nyumba hawataoza. La pili: kila nyumba ina ukimya wake. Ukimya wa nyumba ya bati si ukimya wa nyumba ya vigae, na chumba chenye kitanda hakinyamazi sawa na chumba kitupu. Kwa hiyo kila mkimaliza tukio, acheni rekoda iendelee, watu wote wanyamaze, mchukue dakika nzima ya ukimya wa mahali hapo. Dairekta atawaambia hana muda. Mwambieni mtamkuta mbele.

Siku ile ya kwanza Misungwi ndiyo niliyokutana na Mama Koku. Jina lake ni Adventina, Mhaya wa Muleba, mwalimu wa kwaya katika usharika wa Kilutheri hapa mjini, mjane mwenye binti mmoja. Alikuwa amelala juu ya mkeka katikati ya sebule, amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, naye ndiye aliyekuwa maiti. Waigizaji wengine ukiwalaza kama maiti kifua kinapanda na kushuka, kope zinacheza, mwingine anasinzia kabisa akakoroma. Yeye alikuwa na pumzi ya kwaya. Alikuwa akiiachia kidogo kidogo mpaka huoni kinachosogea, na mimi mwenye maiki nilikuwa sisikii kitu. Nilivaa hedifoni mara ya kwanza maishani nikasikia nyumba nzima, mjusi darini, kamba ya ng'ombe nje, na mahali alipolala mwanamke yule nikasikia patupu. Nywele zilinisimama.

Deo akasema kata. Watu wakaanza kukusanya nyaya, ila maiti hakuamka. Nikadhani amelala. Nikamwinamia, akafumbua jicho moja akaniuliza kama mimi ndiye fundi mpya. Nikasema ndiye. Akaniambia kwamba yeye hafufuki mwenyewe, kwamba mtu akijilaza kama maiti halafu akaamka bila kuitwa na mtu, mwili unaweza kuchanganyikiwa usijue uko upande gani. Sikujua kama ananitania. Akaendelea:

"Hawa wengine wanaangalia tu. Wewe ndiye unayesikia. Kuanzia leo wewe ndiye utakayeniita."

Ikawa ndiyo kazi yangu, na haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Deo akisema kata, mimi naita, "Adventina," yeye anaitika, "Nipo," ndipo anaamka, ndipo tunachukua ule ukimya wa nyumba. Wageni walituona wehu. Baada ya mwaka mmoja waigizaji wengine nao wakataka kuitwa, na Deo ambaye alijifanya haamini mambo hayo akawa hasemi chochote mpaka asikie mtu ameitika.

Alinitania bila huruma. Wasukuma tuna matatizo yetu na l na r, mnajua. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza namba ya tukio kwenye maiki, na nikisema "onyesho ra tatu" kicheko chake kilikuwa kinaharibu onyesho lenyewe. Alisema afadhali jina lake halina l wala r, kwa hiyo hata nikitaka siwezi kuliharibu, nitamwita vizuri mpaka siku ya mwisho. Nami nilimwambia Mhaya hata akifa anataka atamkwe sawasawa. Akasema ndiyo, na kwa vyeo vyake vyote.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Mimi nilijua waya na betri, basi. Alinikalisha kwenye mazoezi ya kwaya yake akanikataza kusikiliza wimbo, akataka nisikilize watu wanavyovuta pumzi kabla ya kuimba. Alisema sauti ya mtu inaanza kabla ya neno, na anayejua kusikiliza pumzi atajua mwimbaji amechoka, au ana njaa, au ana jambo nyumbani, kabla hajafungua mdomo. Nilikaa pale Jumamosi nyingi. Ikafika mahali naweza kumtambua kila mwanakwaya kwa pumzi tu nikiwa nimefumba macho, na ya Mama Koku niliijua kuliko ya mke wangu. Mke wangu akisoma hapa atanisamehe, anajua ilikuwa kazi.

Miaka ikaenda. Sokoni walimwita Marehemu. "Marehemu, leo nina sato wazuri," na yeye anajibu kwamba marehemu hali mifupa, wampe mnofu. Alikuwa na mchezo mmoja ambao sikuupenda. Siku nyingine akiitwa alikuwa anakawia kuitika kwa makusudi. Tulikuwa Sengerema mara moja, nikaita mara nne kimya, mpaka binti wa kupaka poda akaanza kulia, ndipo sauti ikatoka chini ya shuka: "Nipo. Nilikuwa nataka kujua nani angenililia kweli." Tulicheka njia nzima kwenye kivuko. Mimi nilicheka pia, lakini nilitaka kumwambia aache. Sikumwambia.

Nimefika mahali ambapo kalamu haitaki kwenda. Acheni niende hivyo hivyo.

Ilikuwa hapa hapa Buswelu, nyumba mpya ambayo mwenyewe alikuwa hajamaliza kupaka rangi. Filamu ilikuwa ya mwanamke aliyelala kwenye jeneza sebuleni kwake, anasikia waombolezaji wanamsema. Jeneza tuliliazima kwa seremala wa barabarani, kwa sharti kwamba kifuniko kisiguswe na msumari. Mama Koku alifika akilalamika kwamba kichwa kinamgonga tangu alfajiri, akameza Panadol mbili. Wakati wa kuvalishwa sanda alidondosha kikombe, akasema mkono wa kulia una ganzi, ameulalia. Nilikuwepo. Nilikuwa namfungia maiki kifuani kwa plasta, na akanitania kwamba nina mikono ya baridi kuliko yeye aliyekufa. Maneno yalitoka mazito kidogo. Nikadhani ni uchovu.

Tukaanza. Friji limezimwa, ufunguo wangu wa gari umo ndani, watu kimya. Nikavaa hedifoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nikamsikia maiti wangu anapumua. Pumzi nzito, ya kukwaruza, inakwama kisha inatoka kwa nguvu. Mimi, niliyekaa Jumamosi zote zile kwenye viti vya kanisa kujifunza pumzi, nilikasirika. Nilinyoosha mkono, Deo akasimamisha kamera. Nikamwambia pumzi inasikika. Akasema mwambie. Nikasogea nikainama juu ya jeneza, nikamwambia hivi, na maneno haya yamo kwenye rekodi:

"Mama Koku, pumzi inaharibu. Ishike."

Aliishika. Alinisikia, akaishika kwa kadiri alivyoweza. Tukarudia. Kwenye daftari langu la kazi niliandika neno moja mbele ya namba ya tukio lile la kwanza: pumzi. Maana yake kwetu ni kwamba tukio halifai, lifutwe. Daftari hilo bado ninalo, na mkilipekua mtalikuta.

Onyesho la pili lilikuwa kimya kabisa. Deo akasema kata, akasifia, akasema hajawahi kupata maiti kama yule. Nikaita, "Adventina." Kimya. Nikaita tena. Watu wakaanza kutabasamu, binti wa poda akasema leo halii mtu hapa, ameshatuzoea. Nikaita mara ya tatu, nikasema haya basi Marehemu, utatukuta kwenye chai. Tukacheka wote. Nikavua hedifoni nikaziweka juu ya kiti, rekoda ikiendelea kuchukua ukimya wa nyumba kama ilivyo desturi, tukatoka uani. Kulikuwa na chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Nilikunywa kikombe kimoja, nikaongeza cha pili.

Niliporudi kubadilisha betri ya maiki yake nilimkuta macho yako wazi, mdomo umevutwa upande mmoja, na sanda imelowa. Alikuwa hai. Aliniangalia. Nilipiga kelele, wakaja, tukambeba mpaka kwenye gari, na hapo nikapapasa mifuko yote sikuona ufunguo. Nilikung'uta koti, nikatafuta chini ya viti, nikamtukana kila mtu, na Mama Koku yuko mikononi mwa watu pale juani ndani ya sanda, mpaka nikakumbuka friji. Ufunguo ulikuwa wa baridi. Hospitali walifanya waliloweza. Binti yake Koku, ambaye ni muuguzi Sengerema, alivuka ziwa mchana ule ule akamkuta mama hasemi, na siku ya pili alifariki bila kusema.

Kabla hatujalala siku ile, Deo alitukusanya akasema tuseme alianguka ghafla kazini. Hatukuapa, tulikubali tu kwa kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusema habari za mihogo. Tulimsindikiza mpaka Muleba. Kwenye mazishi nikaombwa niseme neno kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, nikasimama nikasema alianguka ghafla kazini, tukamkimbiza. Koku akaja akanipigia magoti mbele ya ukoo wake wote, akanishukuru kwa kumwahisha mama yake hospitali. Nilimwinua. Tangu siku hiyo ananiita mjomba.

Filamu ile haikuisha. Seremala alikataa kulipokea jeneza lake, mpaka leo liko kwa Deo, anawekea nguo za maigizo. Mimi nikaendelea na kazi, na kwa kila mwigizaji niliyemlaza nilikuwa naita kama kichaa, naenda kumshika bega kabla hajajibu, hata ninyi mlinicheka. Sasa mnajua. Kadi ya rekodi ya siku ile niliifunga kwenye karatasi ya sigara nikaitumbukiza chini ya mkoba wangu mweusi wa vifaa. Sikuwahi kuisikiliza. Nilijua kilichomo, au nilidhani najua: sauti yangu ikimwambia mgonjwa ashike pumzi.

Mwezi uleule niliostaafu Koku alinipigia. Ana mtoto wa kike wa miaka minne, amempa jina la bibi yake, wanamwita Adi. Alisema watoto wenzake Adi walimwonyesha kwenye simu kipande cha filamu moja ya zamani, bibi yuko ndani ya jeneza, wakamwuliza kama alizikwa mara nyingi. Mtoto alirudi nyumbani akauliza mbona bibi hasemi. Koku aliongea taratibu, kiuguzi, lakini nikasikia pumzi kabla ya maneno.

"Mjomba, kila ninapomkuta mama kwenye simu za watu amekufa. Nitafutie mahali anapojibu."

Nikakumbuka kwamba ninapo. Kila tukio nililorekodi lina mkia ambao hakuna mtazamaji aliyewahi kuusikia, pale ninapoita na yeye anapoitika. Nilikaa na kompyuta ya mwanangu wiki tatu nikikata mikia hiyo na kuiunganisha. Sikio la kushoto halinipi kitu tena, ila la kulia lilinipa. Nipo ya njaa, nipo ya usingizi, nipo iliyojaa mahindi mdomoni, nipo ya kunikomesha kwa sababu nimesema ra tatu. Nipo ya Sengerema iliyochelewa. Nililia nikacheka. Mke wangu alidhani nimeanza kurukwa na akili, akaniletea uji. Nikafika mwisho wa mafaili yote, ikabaki ile kadi kwenye karatasi ya sigara.

Ningeweza kuiacha. Kazi aliyoniomba ilikuwa imekamilika na Koku asingejua. Lakini alikuja mwenyewe kuichukua, akaniamkia shikamoo mjomba, nikaitikia marahaba, akakaa kwenye kochi letu na mfuko wa ndizi bukoba miguuni, zawadi yangu. Nikaona siwezi kula ndizi zile. Nikamwambia kabla sijakupa ulichofuata, kuna jambo. Nikamweleza lote. Kichwa kilichomgonga, kikombe, maneno mazito, pumzi, nilivyomwambia aishike, chai, mihogo, ufunguo. Nilimweleza nikiangalia sakafu.

Koku akaniuliza swali la muuguzi: tulikaa uani muda gani. Nikamwambia vikombe viwili. Akataka dakika. Nikasema labda ishirini, labda zaidi. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema kiharusi cha namna ile huenda wangemwokoa, huenda wasingemwokoa, na hatanidanganya ili nijisikie vizuri. Nikamwambia sikumwomba anidanganye. Mke wangu akaingia na chai, akatuona, akaiweka mezani akatoka.

"Iko wapi hiyo kadi?" Koku akauliza.

Nilimkatalia. Nilimwambia si kitu cha mtoto kusikia kwa mzazi wake. Akasema yeye amewashika mikono watu wengi wakienda, mama yake ndiye pekee ambaye yeye hakuwepo alipoanza kuondoka, nimwachie walau asikie. Nikaifungua karatasi ya sigara. Akavaa hedifoni zangu, zile kubwa zenye plasta, mimi nikabaki naangalia mistari ya sauti inavyopita kwenye kompyuta. Niliona mlima mdogo, nikajua ni mimi namwambia aishike. Koku akafumba macho. Niliona onyesho la pili, mstari umelala. Niliona ninavyoita mara tatu, na kicheko chetu, mlima mkubwa kuliko yote, na miguu inayotoka. Baada ya hapo mstari ukanyooka, ni ukimya wa nyumba. Nikanyoosha mkono nizime. Koku akanishika mkono.

Tulikaa hivyo. Halafu kwenye mstari nikaona kitu kidogo, si kikubwa kuliko chawa. Nikadhani ni kikombe cha uani. Koku akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ameitika," akasema.

Nikamwuliza nani.

"Mama. Amesema nipo. P haikutoka, mdomo ulikuwa umeshalegea. Lakini ameitika, mjomba. Amekuitikia."

Nikazichukua hedifoni nikazibana kwenye sikio la kulia. Akarudisha nyuma, akacheza tena. Niliona ule udogo unapita kwenye mstari, sikusikia kitu. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Nikasikia mvumo tu, ule wa mashine yenyewe. Akarudia mara ya tatu, na mimi nimefumba macho kama kwenye viti vile vya kanisa, natafuta hata pumzi. Nikamwambia, "Sisikii, mwanangu." Nilikuwa nalia na sikuona aibu. Miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kumsikia mtu mmoja, na siku aliyoniitikia kwa taabu kuliko zote nilikuwa nimevua hedifoni nachovya mhogo kwenye chumvi. Nimekuja kuzivaa tena na masikio hayapo.

Koku akanivua hedifoni. Akapiga magoti kando ya kiti changu, akasogeza mdomo kwenye sikio langu la kulia, akalegeza midomo upande mmoja kama wanavyolegea wagonjwa wake, akaisema kama mama yake alivyoisema. "Ni-o." Akavuta pumzi. "Ni-o, Fundi." Hilo la Fundi sikulitegemea. Lilikuwemo kwenye rekodi, akasema, chini kabisa.

Alivuka kurudi Sengerema jioni ile. Mikia yote niliyoiunganisha alimpelekea Adi, na nimeambiwa mtoto huita "Bibi" kwenye simu na kuitikiwa mpaka chaji inaisha. Kadi ile aliiweka kwenye pochi yake mwenyewe. Hajasema amenisamehe, nami sijamwuliza. Bado ananiita mjomba.

Mkoba mweusi nimewaachia, rekoda imo, maiki nimezibadilishia waya, na hedifoni zangu zina plasta mpya. Somo la kwanza nimelichelewesha mpaka huku mwisho kwa sababu niliogopa kuliandika. Mtu wenu akilala, mwiteni kwa jina lake. Hedifoni msivue. Akikawia, nendeni mkamguse, na chai isubiri.